Merikebu ya Mvuke na Maji ya Bondeni

Ndugu zangu, kabla sijafungua somo la leo, nisindikizeni hadi kijiji kimoja kilichokaa kwenye bega la mlima, huko ambako tangawizi hustawi na gari halifiki. Huko aliishi fundi mmoja. Ujana wake wote aliumalizia tambarare, kwenye kiwanda cha mkonge, akitunza boila. Alikuwa fundi kwelikweli. Aliweza kuweka kiganja juu ya bomba akawaambia wenzake, "Hili halifiki Ijumaa," na Alhamisi likapasuka. Kiwanda kilipofungwa alirudi mlimani kuishi kwa dada yake, Nakijwa.

Huyo Nakijwa ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki fundi akiwa bado anatambaa, na Nakijwa, binti wa miaka kumi na miwili, akambeba mgongoni mpaka akajua kukimbia. Hakuolewa. Wanawake wenzake wakimchokoza kwa hilo, alicheka akasema, "Mimi mwanangu nilimpata kabla ya harusi, na baba yake ni baba yangu."

Fundi alirudi na sanduku la vyuma na wazo moja kichwani. Alitaka kuunda merikebu ya angani. Si ndege, ndege inataka uwanja, na kule mlimani hata pa kuchezea mpira hakuna. Yeye aliwaza puto refu kama kanisa hili, la kitambaa cha amerikani kilichopakwa utomvu wa mpira. Puto lijazwe mvuke, kwa sababu mvuke ni mwepesi kuliko hewa na hupanda juu. Chini yake kining'inie kitanda kipana, na juu ya kitanda boila dogo. Mvuke ule ule unaobeba puto uzungushe injini, na injini izungushe rafadha, lile panga la kusukuma upepo.

Alichora nyuma ya kalenda za zamani. Kuta za banda lake zilijaa michoro: merikebu ikitazamwa kwa ubavu, merikebu ikitazamwa kwa chini, merikebu ikipita juu ya mawingu na watu wadogo wakipunga mikono. Na msidhani alikuwa mtu wa majivuno. Kila mchoro alimwita dada yake kuuona.

"Tazama, dada. Hapa atalala mama mjamzito. Kutoka hapa hadi hospitali ya wilaya ni nusu saa. Sasa hivi tunambeba kwa machela siku nzima."

"Na hapa?"

"Hapa magunia ya tangawizi. Yanafika stesheni hayajanyauka."

"Na mimi utaniketisha wapi?"

"Wewe mbele kabisa, dada. Uone mbele."

Mmesikia hilo? Ilikuwa ndoto ya upendo. Naomba mlishike hilo, kwa sababu watu wengi wakisikia mfano huu hukimbilia kumhukumu.

Kilichomsumbua fundi kilikuwa kimoja. Mvuke ukipoa hurudi kuwa maji, na maji ni mazito. Alipolishona puto na kulijaribu, lilijaa vizuri, likainuka kama ng'ombe anayeamka, halafu likaanza kutokwa jasho kwa ndani na kulala tena. Kwa hiyo alipunguza uzito wa kila kitu kingine. Boila alilifua upya mara tano. Injini aliitoboa, akaikwangua, akaipima, akaikwangua tena. Baada ya miaka minne alikuwa na boila na injini ambavyo wanaume wawili waliweza kuvibeba kama jeneza la mtoto, na vilikuwa na nguvu ya kushangaza. Siku ya kwanza alipoiwasha, rafadha ilipeperusha nyasi zote za paa la banda la kuku, na Nakijwa akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huo huo mvua za vuli hazikunyesha. Mfereji ulioteremka kutoka kileleni ukakauka. Kijiji kilikuwa na pampu bondeni, kando ya mto, na mabomba yaliyopandisha maji hadi kwenye tangi karibu na shule. Lakini injini ya dizeli iliyoendesha pampu ile ilikufa, na kipuri chake hakikupatikana wilayani wala mkoani. Pampu nzima, mabomba mazima, mto upo. Hapakuwa na cha kuizungusha tu.

Wanawake wakarudia njia ya bibi zao. Ilikuwa ni kushuka korongo, kujaza ndoo, na kupanda na ndoo kichwani kwenye mawe yanayoteleza. Safari moja ilikula saa mbili.

Siku moja wakaja bandani kwa fundi, watano, wakiongozwa na mkunga wa kijiji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibuni, angalieni moto huo."

Mkunga hakuzungusha maneno. "Fundi, tumesikia mashine yako inavyonguruma. Tunaomba uishushe bondeni uifunge kwenye pampu. Mvua zikirudi utaichukua."

Fundi akafuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu. Ndugu zangu, yule mtu alijua kwamba inawezekana. Alijua tangu siku dizeli ilipokufa. Alishafikiria hata mkanda upite wapi.

"Mama," akasema, "injini hii nimeikwangua kwa ajili ya hewa. Nikiipeleka kwenye mchanga na matope itakuja kuwa chuma tu. Bado kidogo, nivumilieni hadi Pasaka. Chombo kikiruka, hayo maji nitawaletea kupitia angani, bila mtu kushuka korongoni."

Mkunga akatazama michoro ukutani. "Na hadi Pasaka tunywe nini, baba?"

Aliyejibu ni Nakijwa, kutoka mlangoni. Alikuwa amesikia yote. "Mwacheni amalize," akasema. "Huyu ninamjua. Hajawahi kuanza kitu akakiacha."

Wakaondoka. Hakuna aliyemtukana, nanyi mnajua kwamba wakati mwingine ni afadhali mtu akutukane.

Sasa nisikilizeni hapa. Boila linakunywa maji. Kila fundi alipojaribu merikebu yake, ndoo mbili zilikwenda, zikawa mvuke, zikatoka kwenye mishono ya puto, zikapotea. Maji hayo yalitoka wapi, mfereji ukiwa mkavu? Yalitoka kichwani kwa Nakijwa. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alishuka asubuhi kwa ajili ya chakula na kuoga, akashuka tena kwa ajili ya boila. Wenzake wakimwambia apumzike, alijibu, "Mtoto ana kazi."

Ijumaa moja, wiki mbili kabla ya Kwaresima kuanza, fundi aliamini amepata dawa ya jasho la puto. Alikuwa ameweka mfereji mdogo wa bati ndani, wa kuyarudisha maji kwenye boila. Akawasha. Puto likajaa, likainuka, likavuta kamba. Likakaa juu. Likakaa! Akahesabu dakika saba. Kisha bomba moja likavuja na maji yakaisha.

"Dada! Ndoo mbili tu! Limekaa, dada, limekaa, ndoo mbili tu kabla moto haujafifia!"

Nakijwa alikuwa ndiyo kwanza ametua ndoo za asubuhi, za nyumbani. Alijifunga kanga upya, akachukua ndoo tupu, akateremka.

Wanawake waliokuwa mtoni walimwona akipanda. Walisema alikuwa akienda upesi, na kwamba hata walimwita asubiri waende pamoja. Kwenye jiwe la tatu kutoka juu mguu uliteleza. Alianguka hadi kwenye mizizi ya mkuyu, akavunjika nyonga.

Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya wilaya, siku nzima, fundi akiwa ameshika mpini wa mbele wa machela. Daktari alisema ataishi. Alisema pia hatasimama tena.

Walirudi baada ya wiki tatu, na kesho yake fundi aliingia bandani akachukua spana. Alifungua injini kutoka kwenye kile kitanda. Akaita wanaume wawili, wakavibeba boila na injini hadi bondeni. Akafunga mkanda kwenye gurudumu la pampu, pale pale alipokuwa ameshawaza miezi mingi kabla. Akaokota kuni, akawasha. Pampu ikakohoa mara mbili, ikashika. Huko juu, karibu na shule, maji yakaanza kugonga chini ya tangi tupu, na watoto wakatoka darasani bila ruhusa.

Wanawake walipanga foleni. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mkunga alimpokea fundi ndoo yake, akamjazia wa kwanza, akampa.

Aliipeleka ndani kwa dada yake. Akamnywesha kwa kikombe, akiwa amemshika kichwa kama yeye alivyokuwa akishikwa zamani.

"Ni ya bombani?" Nakijwa akauliza.

"Ni ya bombani, dada."

"Umeifunga ile mashine?"

"Nimeifunga."

Akanywa tena kidogo. "Imekuchukua muda gani?"

Fundi alitamani kumdanganya. Alitamani kusema wiki, aseme alikesha, aseme ilimshinda mara kumi. Lakini mlango ulikuwa wazi, na dada alikuwa amemwona akiteremka baada ya chakula cha mchana.

"Tangu saa saba," akasema. "Hadi saa kumi."

"Saa tatu."

"Saa tatu, dada."

Nakijwa hakulia, wala hakumlaumu. Alimwomba amgeuze alalie upande wa pili, wa ukutani. Na fundi akamgeuza, polepole, asimuumize, akabaki anautazama mgongo ule.

Mtaniuliza, je, merikebu iliruka? Haikuruka. Fundi alikaa na pampu ile miaka kumi na moja. Wageni wakija na kumsifu kwa ubunifu wake, aliinuka akaenda kuongeza kuni.

Ndugu zangu, msirudi nyumbani mkasema mchungaji amekataza watu kuota. Sijakataza. Angani ni kwa Mungu, na anayetamani kufika huko hajakosea. Fundi huyu alikosea neno moja tu, "bado." Alikuwa na kitu kinachofanya kazi leo, akakiweka kwa ajili ya kesho iliyo kubwa zaidi, na sababu zake zilikuwa nzuri. Hizo ndizo hatari! Sababu mbaya tunazijua, tunazitubu kila Jumapili. Ni nani aliyewahi kutubu sababu nzuri?

Sisi tunangoja nini? Kuna aliyesema atamchukua mama yake akimaliza kujenga, nyumba yenyewe iko kwenye msingi mwaka wa sita. Kuna anayejua kusoma vizuri, na jirani yake anapeleka barua kusomewa kijiji cha pili. Mimi mwenyewe, mnaponiona hapa na joho hili, kuna mgonjwa niliyemwahidi kumtembelea nikishamaliza semina ya wachungaji. Nilimzika Jumanne.

Na jambo la pili, ndilo linaloniuma zaidi: ndoto zetu hazinywi maji yetu. Kuna mtu anateremka korongoni kwa ajili yako wakati huu, na halalamiki, kwa sababu anakupenda. Unamjua. Ulipoamka leo alikuwa ameshaamka.

Sitawaita mbele ya madhabahu leo. Kama kuna mtu aliyekuomba jambo dogo mwezi huu ukamjibu, "Bado kidogo," nenda kwake sasa hivi. Nimefupisha ibada makusudi, ili uwahi.