Mashimo ya Bi Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma hamjala, mbona sauti haitoki? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kilima kikavu. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mbio na udongo wote. Wanyama walipanda mtama, wakavuna mabua.

Akahamia Bi Muhanga, yule wa pua ndefu na kucha za kuchimbia. Kiangazi, jua la utosi, yeye yuko shambani anachimba mashimo. Wenzake wakacheka, wakasema anachimba makaburi. Kila shimo alilitia samadi na majani makavu, akangoja. Mvua ilipokuja, maji yakatulia mashimoni, akapanda humo. Mtama ukasimama huo, masuke yanainama kwa uzito.

Ngiri akaenda kujifunza. Bi Muhanga akamwonyesha kila kitu, hakutaka hata punje. Alimwomba tu naye amfundishe jirani. Ngiri akaitikia vizuri, akachimba, akavuna, akanyamaza kimya.

Shamba la juu ya lake kilimani lilikuwa la Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga tisa. Misimu miwili hajavuna. Mbegu zimebaki kibaba kimoja, na zikipotea hizo, watoto watakufa njaa.

Akamuuliza Ngiri siri ya mtama wake. Ngiri akasema ni bahati. Akarudi mara ya pili, Ngiri akasema ni dawa ya babu yake. Mara ya tatu Ngiri akachoka kusumbuliwa.

"Chimba mfereji mmoja," akamwambia, "unyooke kutoka juu mpaka chini."

Maskini Mama Kanga akachimba siku tatu kwa vijiguu vyake vyembamba. Akapanda nusu ya mbegu.

Mvua kubwa ikaja. Maji yakaingia mferejini, yakashika kasi, yakazoa mbegu za Kanga, yakaenda kutua wapi? Semeni nyie. Kwa Ngiri! Yakafukia mashimo yake yote, halikubaki hata bua. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mama Kanga akaenda kwa Bi Muhanga akilia. Bi Muhanga hakumsuta mtu. Alifuatana naye, wakaziba mfereji, wakachimba shimo kwa shimo, vifaranga wakibeba majani makavu. Wakapanda ile nusu iliyobaki. Msimu ule Mama Kanga alivuna vikapu vitatu. Hapo ndipo ninapompendea Bi Muhanga: kucha zilikuwa zake, lakini ujuzi ulikuwa wa wote.

Ngiri akaja, tumbo limeshikana na mgongo. Akakiri uongo wake, akaomba radhi. Vifaranga wakataka afukuzwe, mama yao akawanyamazisha.

"Jirani, utakula hapa mpaka uvune," akasema. "Ila kesho hatuanzi kuchimba kwako. Tunaanza kwa Swala, aliye juu yetu sote. Asipojua yeye, mimi na wewe tutasombwa pamoja."

Kesho yake Ngiri alikuwa wa kwanza kufika kwa Swala. Akachimba kwa pua na kwa meno, akamweleza yote aliyofundishwa, hakuficha hata neno.

Basi wanangu, ujuzi haupungui kwa kugawiwa. Mnyime jirani, na ujinga wake utateremka mpaka shambani kwako.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa njema, nendeni mkaipande kwenu. Ikiwa mbaya, niachieni niitafune mwenyewe.