Vitumbua vya Chokaa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Nikisema "Zamani!" ninyi semeni "Tupo!" Zamani! ... Wewe wa nyuma, sijakusikia. Zamani! Haya, sasa mpo.

Hapo kale, wakati jogoo walikuwa wakiomba ruhusa kabla ya kuwika, palikuwa na mji uitwao Kitoweni. Katika mji huo aliishi Bi Mwanamize, mpishi wa harusi. Akipika pilau, watu hula. Akipika vitumbua, watu hula na kujilamba vidole, na mtaa mzima huacha kazi.

Siku moja ikatokea harusi ya ghafla. Mwanamize hakupata nafasi ya kutwanga mchele wake kama alivyozoea, akanunua unga dukani kwa Shekue. Unga mweupe, watoto, mweupe pe! Akapika, watu wakala. Kufika alasiri, bwana harusi kashika tumbo, mama mkwe kashika tumbo, hata mpiga zumari kaiweka zumari chini kashika tumbo!

"Mwanamize katulisha sumu!" watu wakasema. Tangu hapo hakuna aliyemwita kupika. Meko yake yakapoa, naye akaumia sana, maana kupika ndiyo ilikuwa furaha yake. Akaitazama sufuria aliyokorogea unga wa harusi, akaona chini pameganda kitu kigumu. Akakikwangua kwa kisu. Lo! Chokaa, ile ile ya kupaka kuta.

Akamshitaki Shekue kwa kadhi. Lakini sheria ya Kitoweni ilikuwa kali, wajukuu zangu. Anayemshitaki mwenye duka akashindwa, huzima meko yake, asipikie watu tena maisha yake yote.

"Muongo huyu!" Shekue akafoka. "Hiyo chokaa imebanduka ukutani kwake. Unga wangu safi!"

"Basi uletwe unga wake," Mwanamize akasema, "nipike hapa hapa, naye ale."

Kadhi akakubali. Unga ukaletwa kutoka dukani, vitumbua vikapikwa mbele ya watu. Mnadhani Shekue alikataa kula? Thubutu! Alikula, akatafuna, akameza, akatabasamu. "Kitamu!" akasema, akachukua kingine. Mwanamize akaanza kukusanya vyombo vyake. Alijua meko yake ndiyo yanazimwa.

Sasa tegeni sikio. Pale barazani alikuwepo Bi Mwanate, mama yake Shekue, kikongwe, amekuja kumtetea mwanawe. Na Kitoweni, kama hapa kwetu, mtoto hali mbele ya mkubwa bila kumpa naye. Bi Mwanate akagonga bakora yake chini, ko ko ko!

"We Shekue! Unakula mimi nakutazama? Ndivyo nilivyokulea? Lete hapa!"

"Mama, vimepoa."

"Nitakula vilivyopoa."

"Mama, vina mafuta mengi."

"Nayapenda hayo mafuta!"

Akanyoosha mkono, akachukua kitumbua mwenyewe, akakipeleka mdomoni. Mwanamize akafungua kinywa amzuie, maskini, hata kama ni kujiharibia kesi. Lakini Shekue alimtangulia. Aliruka, akaupiga mkono wa mama yake, kitumbua kikabingirika chini.

"Mama, usile! Kina chokaa!"

Bi Mwanate akamtazama mwanawe, machozi yakamtoka.

"Na wale uliowauzia," akasema, "wao hawana mama?"

Shekue akapiga magoti mbele ya Mwanamize, akakiri kwamba alichanganya chokaa ili magunia yajae, akamwomba radhi watu wote wakisikia. Kadhi akahukumu: unga wote ufukiwe shimoni, na tangu siku ile Shekue asiuze unga wa gunia lolote mpaka mama yake anywe uji wa unga huo kwanza, pale mlangoni pa duka, kila mtu akiona. Kadhi yule alimjua mtu wake!

Mwanamize akawasha meko. Yule bwana harusi wa matumbo ndiye aliyekuja wa kwanza, kichwa chini, kumwomba apike karamu nyingine kwao. Akapika, watu wakala, wakajilamba vidole. Na Bi Mwanate? Alinenepa kwa uji! Wateja wakifika kwa Shekue hawakuuliza bei. Waliuliza, "Bibi keshakunywa?"

Basi nanyi mkiwa wakubwa mkauza, iwe unga, iwe maziwa, uzeni kile ambacho mngempa mama yenu anywe mkimtazama.

Kisa nimekipakua, chungu nimekifunika. Aliyeshiba anawe mikono, na aliyesinzia nikisimulia, yeye ndiye ataosha vyombo.