Ndala za Zuhura

Mtu mmoja alikuwa na mke, na wote wawili walikuwa waandishi wa vitabu. Mume aliitwa Hizza, mke Mwanaidi, na waliishi Korogwe katika nyumba yenye meza mbili za kuandikia zilizopeana mgongo. Walikuwa na desturi yao: hakuna aliyepeleka kazi kwa mchapishaji kabla mwenzake hajaipitia kwa kalamu nyekundu, na kilichofutwa kwa kalamu hiyo hakikubishaniwa. Waligombana kuhusu mambo mengine, kama watu wote, lakini si kuhusu hilo.

Walijaliwa mtoto mmoja, Zuhura. Akaugua homa, akafa kabla ya kuanza shule. Makaburini Hizza alisimama macho makavu, na wanaume wenzake wakamsifu kwamba amejikaza. Hizza aliporudi nyumbani, Mwanaidi alimwona kupitia dirisha la jikoni: amechutama uani, anaosha ndala za mtoto kwa sabuni, kisha anazianika juani, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Hakumwita. Wala hawakulizungumza jambo hilo.

Miaka ikapita, Mwanaidi akaandika riwaya ya maisha yake mwenyewe. Majina aliyabadili, lakini mji ulikuwa mji wao na mume alikuwa mume wake. Aliandika jinsi mume huyo alivyorudi mezani kuandika kabla matanga hayajaanuliwa, na jinsi alivyomwacha mkewe alie peke yake. Yote yalikuwa kweli. Mwishoni mwa sura hiyo aliandika pia habari ya ndala, kwa kuwa nayo ilikuwa kweli, na kwa kuwa alimpenda.

Akampa mumewe mswada, kama ilivyokuwa desturi. Hizza akausoma kama mwandishi. Maneno makali juu ya yule mume hakuyagusa, maana yalikuwa yameandikwa vizuri. Alipofika kwenye ndala alisita kidogo, kisha akapitisha mstari mwekundu juu ya habari yote, akaandika pembeni: inapunguza makali. Mwanaidi aliumia. Lakini alipoisoma sura upya bila ndala, aliona imekaa vizuri zaidi, akaiacha hivyo.

Kitabu kikatoka, kikasifiwa, kikasomwa mpaka sokoni. Korogwe si mji wa kumficha mtu nyuma ya jina la kubuni. Wale wale waliomsifu makaburini sasa walisema kumbe hakuwa na uchungu. Mama yake mzazi, ambaye alisomewa kitabu na wajukuu wake wengine, akaacha kuja kula nyumbani kwake. Hizza alijaribu kumweleza habari ya ndala. Mama akamuuliza, kama ni kweli, mbona mkewe hakuiandika. Hizza alikuwa ameandika sana juu ya aibu za watu, ila hakuwa amejua zinavyouma. Basi mchapishaji alipotaka kukichapa kitabu mara ya pili, Hizza alimwendea mkewe akamwomba azirudishe zile ndala.

Mwanaidi akautoa mswada, akaufungua penye mstari mwekundu, akamwekea mezani.

“Mimi niliandika, Baba Zuhura,” akasema. “Ukitaka zirudi, zirudishe kwa mkono wako.”

Hizza akaketi na kalamu yake, akaisoma sura yote polepole tangu mwanzo. Alipofika kwenye ndala alilia, safari hii mbele ya mkewe, naye mkewe akalia pamoja naye. Halafu akaisoma tena akiruka habari ile. Akaona kwamba hakuwa amekosea: bila ndala, sura ilikuwa bora. Akaufunika mswada macho ya mkewe yakimtazama, akairudishia kalamu kifuniko chake.

Kitabu kikachapwa kama kilivyokuwa, kikasifiwa tena. Mama yake Hizza alifariki akiamini kilichoandikwa.

Nanyi mnaonisikiliza, mama yule angewauliza kitabu kile kilikuwa bora kwa ajili ya nani, mngemjibu nini?