Bi Pimbi Ahama Jabalini

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mpo? Wadogo mpo? Basi sogeeni.

Hapo zamani, zamani za kale, palikuwa na miji miwili ya wanyama. Wa juu ukiitwa Jabalini, wa chini Bondeni. Jabalini kuzuri! Mapango makavu, jua la asubuhi, walinzi mchana kutwa. Lakini mwenye mji, Mzee Nyani, alitoza kodi. Ukichuma matita matatu ya majani, mawili yake.

Bi Pimbi, mjane, aliishi huko na wanawe. Akachuma, akalipa. Akachuma, akalipa. Watoto mbavu nje.

"Mzee, nipunguzie," akaomba.

"Unalipia usalama, mama. Bondeni pango ni bure, lakini Tai anakula watoto. Nenda!"

Bi Pimbi akawatazama wanawe. Akajiambia, "Njaa hunifuata mpaka pangoni. Tai haingii pangoni."

Akashuka nao. Chaka, chaka, chaka.

Bondeni majani tele! Watoto wakala, wakala, matumbo ndi! Lakini kila mnyama alikula ameinama, hakuna aliyetazama juu. Mara Tai, vuuu! Akanyakua kifaranga wa Bi Kanga. Kilio!

Bi Pimbi akawakusanya wote. "Jamani, tulinde kwa zamu. Mmoja atazame juu, wengine wale."

Nungunungu akacheka. "Nani atakaa na njaa kwa ajili ya mtoto wa mwenziwe?"

"Mimi. Naanza mimi."

Akapanda kichuguu. Jua likamchoma, asishuke. Wenzake wanakula, yeye macho juu. Ghafla, kivuli! Akapiga mluzi:

"Fyuuuuu!"

Puru! Puru! Puru! Wote ndani. Tai akatua, pu! Akapapasa huku, akapapasa kule. Kucha zikaambulia mchanga. Akaruka na njaa yake.

Bonde zima vigelegele! Bi Kanga akamkumbatia Bi Pimbi, machozi yakimtoka. Nungunungu akapaza sauti, "Kesho zamu yangu!"

Habari zikapanda mlima. Wa Jabalini wakashuka, jamaa kwa jamaa. Mzee Nyani akabaki kuutoza kodi upepo. Mwishowe naye huyo, anashuka.

"Bi Pimbi, pango lipo?"

"Lipo, Mzee. Kodi yake ni zamu. Panda kichuguu."

Akapanda!

Basi wenzangu, uzuri wa mji si ughali wa mapango yake. Mji mzuri ni ule ambao watoto wanashiba na wakazi wanalindana.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.