Ngazi ya Elvin

Wahenga waliposema mchagua jembe si mkulima, wengi wetu hudhani walikuwa wakimsuta mvivu tu: yule anayesimama kando ya shamba akilalamika kuwa mpini ni mfupi, mara jembe ni jepesi, hadi jua linamkuta utosini hajapiga hata tuta moja. Ni kweli, mvivu anasutwa. Lakini methali hii inakata kuwili, na mimi nimeiona kwa macho yangu ikimkata mtu mwenye bidii kuliko wote bondeni kwetu.

Kwetu ni katikati ya Pennsylvania, kwenye milima ambayo Mungu aliijaza mawe akasahau kuitia udongo. Msituni tuna njia nyembamba za kupita mtu mmoja, na kila Oktoba, majani yakishageuka rangi, hufanyika mashindano ya baiskeli. Si baiskeli zozote, ni za gia moja tu. Hakuna cha kubonyeza wala cha kubadilisha. Mlima ukija, unasimama juu ya pedali na kusukuma kwa mwili mzima; ukishindwa, unashuka na kutembea kama mchunga ng'ombe. Mteremko ukija, unaiacha miguu ipumzike na baiskeli iende zake. Baiskeli hiyo haikuulizi umeamkaje. Nimeipanda miaka ishirini, magoti yangu ni mashahidi, lakini nikiusikia ule ukimya wake, cheni ikizunguka bila kelele na tairi likipita juu ya majani makavu, hata leo roho yangu husuuzika.

Mshindi hapewi kombe, hupewa jembe. Ni jembe lilelile ambalo Mzee Marlin Kauffman alichimbia njia yetu ya kwanza, na mpini wake umefungwa waya mahali pawili. Anayelishinda hukaa nalo mwaka mzima, na pamoja nalo hupewa amri juu ya njia: wapi ipite, wapi ifungwe, jiwe gani ling'olewe. Neno lake halipingwi. Ndiyo sababu mwaka ule Verna Zook alikuwa tumbo joto tangu majira ya kuchipua.

Verna ni mpishi wa shule. Kaka yake, marehemu Elvin, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na kwa majira matatu ya joto, kila jioni akitoka kazini, alipanda mlimani akajenga ngazi ya mawe mahali ambapo njia ilikuwa imeliwa na mvua. Mawe thelathini na moja. Aliyachagua moja moja, akayabeba kifuani kama watoto wachanga, akayalaza. Miaka miwili baadaye ugonjwa ukamchukua. Verna aliachiwa baiskeli yake ya chuma, nzito, isiyo na shokapu, rangi yake ya kijani imebanduka nusu. Na aliachiwa ile ngazi.

Sasa Darvin Hostetter, fundi wa matrekta, alikuwa ametangaza waziwazi tangu Aprili kwamba akishinda ataing'oa.

"Watu wawili wameshavunjika mitulinga pale," alirudia kusema kwenye kikao cha Agosti. "Tupitishe njia kwa chini, kwenye misonobari, halafu mawe yatufae kujazia lile tope la kijitoni. Simsemi marehemu vibaya, Verna. Elvin alikuwa rafiki yangu. Ila njia ni ya walio hai."

"Umeshamaliza?" Verna aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi shinda kwanza."

Watu walicheka, lakini Verna hakucheka. Darvin ndiye aliyekuwa mwendeshaji bora bondeni, na kila mtu alilijua hilo, Verna wa kwanza. Tangu Mei, kila Jumapili baada ya ibada, alikuwa akienda kuijaribu ngazi ile kwa baiskeli ya kaka yake. Alianguka kwenye jiwe la nne. Alianguka kwenye la tisa, akachubuka kiwiko mpaka mfupa ukachungulia. Kufikia Septemba alilifikia la ishirini na nane. Mawe matatu ya mwisho hakuwahi kuyaona kwa mwendo.

Siku ya mashindano mvua ilinyesha alfajiri. Saa tatu kasoro, uwanjani kulikuwa na watu wapatao sitini, na harufu ya supu ya kuku na mahindi, kwa maana sufuria lilikuwa langu na nilianza mapema. Darvin alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari lake. Mbele yake kulikuwa na kisanduku chenye vyumba vidogovidogo, na ndani ya kila chumba sproketi, lile gurudumu dogo la meno ambalo cheni huzungukia nyuma. Meno machache, gia nzito na kasi kubwa. Meno mengi, gia nyepesi na mwendo wa kobe. Kwenye gia moja huwezi kubadilisha njiani, kwa hiyo uchaguzi hufanywa kabla. Darvin alikuwa nazo saba, zinang'aa kama vijiko vya harusi.

"Nilikuja na ishirini," alimwambia Mzee Marlin. "Mvua ilipopiga nikafunga ishirini na mbili. Sasa naona jua linatoka. Au nirudishe?"

"Mimi naona supu," alisema Mzee Marlin, mdomo umejaa keki.

"Upepo unatoka magharibi. Njia itakauka. Nafunga kumi na nane!" Akashika spana, akafungua tena gurudumu.

Verna akapita akiikokota baiskeli yake. Darvin akainua kichwa. "Dada, wewe umefunga meno mangapi?"

"Sijui."

"Hujui?" Akageukia watu. "Jamani, huyu hajui! Anakwenda vitani hajui ana risasi ngapi!"

"Ni yaliyokuja na baiskeli."

"Hebu njoo, usiwe mkaidi." Hapo Darvin alishusha sauti, na nitamsifu mbele ya yeyote, kwani alisema kwa moyo mweupe. "Chukua hii ya ishirini na mbili. Itakubeba kule juu. Nitakufungia mwenyewe, dakika tano tu."

Verna aliipokea, akaipima mkononi. Usiseme hakutamani. Alifikiria yale mawe matatu, na vidole vyake vikaifumba ile sproketi kwa nguvu. Kisha akamrudishia.

"Miguu yangu imeshazoea hii. Nikianza kuchagua leo, nitachagua mpaka kesho."

"Haya, usije ukalia." Darvin akainama apate kuhesabu meno ya baiskeli ya kijani, lakini yalikuwa yamefunikwa na grisi na matope ya Jumapili iliyopita. Hapohapo Mzee Marlin akalipiga sufuria langu kwa upawa mara tatu. Ndiyo ishara yetu ya kuanza. Darvin akaruka, akazikaza nati za gurudumu harakaharaka, akatupa spana juu ya paa la gari, na wote wakaondoka.

Njia ile ni maili ishirini. Maili kumi za kwanza Darvin aliwaacha wote, akipiga mbinja. Gia nzito kwenye tambarare ni raha. Lakini baada ya kijito mlima unaanza, na mlima wetu hauna adabu. Darvin alisimama juu ya pedali akakanyaga kwa uzito wake wote, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nati zilizokazwa nusu zikateleza, gurudumu likavutwa upande, cheni ikadondoka. Alijipapasa mfukoni, spana hakuna. Akakumbuka paa la gari.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Verna. Huku kwetu kuna desturi moja tu msituni isiyovunjwa: humpiti aliyekwama bila kumuuliza.

"Una kila kitu?" Verna aliuliza, pumzi juu.

Darvin angeweza kusema ndiyo. Alimtazama, akatazama chini. "Sina spana."

Sijui ningefanya nini mimi. Pengine ningesema pole sana, mzee, nikaenda zangu na ngazi yangu. Verna alishuka. Chini ya kiti chake kulikuwa na spana ya Elvin, imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Akavuta gurudumu nyuma, akanyoosha cheni, akakaza upande mmoja, akakaza wa pili. Alipokuwa akikaza, wanaume wawili walifika, wakauliza, wakajibiwa, wakapita.

"Wanakupita, Verna," Darvin alisema.

"Nina macho."

"Nenda basi! Nitamalizia mwenyewe."

"Ukimalizia wewe, itadondoka tena." Akaikaza mpaka spana ikalia. Ndipo akapanda akaenda.

Aliwakuta wale wawili miguuni pa ngazi. Walikuwa wameshashuka, wamebeba baiskeli mabegani, wanapanda kwa miguu kama kila mtu. Verna hakushuka. Alisimama juu ya pedali. Mawe yalikuwa yameloa, yanateleza kama sabuni. La kwanza, la pili, la tatu. Jiwe la nne alilijua kwa goti, la tisa kwa kiwiko. Kila jiwe lilikuwa limemfundisha kwa fimbo yake. Wale wawili wakajibana kando, wakaacha kutembea, wakawa wanatazama tu. La ishirini. La ishirini na tano.

Kwenye la ishirini na nane baiskeli ilisimama. Haikuanguka, ilisimama tu, gurudumu la mbele limegusa jiwe, mapaja yanatetemeka. Baiskeli nyingine ingekuwa na kitufe cha kubonyeza, na kidole kingekwenda huko. Hapa hapakuwa na kitu cha kukimbilia. "Nilikuwa na miguu tu," alituambia baadaye. "Nikakanyaga huku nalia." Baiskeli ikasogea. La ishirini na tisa. La thelathini. Juu ya la thelathini na moja, Verna alipiga ukelele ambao mimi niliusikia kwenye supu yangu, maili tano mbali, au labda nilitamani kuusikia.

Darvin alipofika pale alijaribu, akashuka kwenye jiwe la nne. "Kumi na nane!" alifoka peke yake. "Mwendawazimu gani anapanda hapa na kumi na nane?" Alipanda yaliyobaki akiwa amebeba baiskeli begani.

Verna aliingia uwanjani wa kwanza, uso wote matope, meno tu ndiyo meupe. Darvin alikuwa wa nne. Hakutaka supu. Alienda moja kwa moja kwenye baiskeli ya kijani, akapiga magoti, akatoa kitambaa, akaifuta sproketi mpaka chuma kikaonekana. Sote tukamzunguka.

"Nadhani ni ishirini na mbili," alinong'ona. "Pengine ishirini na tatu." Akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipomaliza, akarudia upya, pole pole kama mtoto anayejifunza.

"Ngapi?" Mzee Marlin aliuliza.

Darvin alikaa chini kwenye nyasi. "Kumi na nane."

Kisha Darvin mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka. Akamshika Verna mkono. "Ngazi ibaki, dada. Hata ningeshinda, leo ningekuwa na aibu ya kuigusa."

"Hukushinda," Verna alisema, akalipokea jembe. Alilikumbatia lote, waya, kutu na matope, na hapo ndipo alipolia sana.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kufagia majani kwenye ngazi na kuchimba mfereji wa kupitishia maji ya mvua. Mimi nilibeba chai. Darvin alikuja bila kuitwa. Kwenye toroli kulikuwa na majembe manne ya kuazima. Akachukua moja, akapima mpini. Akalirudisha. Akachukua la pili, akapitisha kidole kwenye makali, akalielekeza juani.

Verna, aliyekuwa ameshachimba hatua sita, alikohoa tu.

Darvin akalitazama lile jembe, akamtazama Verna, akatazama mawe thelathini na moja yaliyopanda mlimani mbele yake. Akalirudisha la pili, akafumba macho, akanyoosha mkono na kunyakua lolote lililokuwa karibu. Lilikuwa butu, na mpini wake ulikuwa umepinda. Akaanza kulima. Sote pale, na yeye wa kwanza, tulikuwa tumeshajua: mchagua jembe si mkulima.