Blanketi la Kinamasi

Sogeeni, wanangu, mpaka magoti yagusane. Mko tayari? Basi sikilizeni.

Katika kijiji kidogo cha Uskoti, watu hukata udongo mweusi wa kinamasi, huukausha na kuuwasha kama kuni. Ukishakata, desturi ni kurudisha tabaka la nyasi juu ya shimo. Mama Ishbeli hakurudisha. Alilibeba nyumbani akaziba paa lililovuja juu ya kitanda cha mwanawe, Rori.

Jioni ile ukungu ulishuka, mlango ukagongwa. Sauti nzito kama tope ikasema, "Ishbeli, nasikia baridi. Blanketi langu liko wapi?"

"Sina lako mimi. Kanunue dukani!"

Kulipokucha, shali yake haikuwapo kambani.

Jioni ya pili sauti ikauliza tena. Ishbeli akaziba masikio. Kulipokucha, kondoo wake walikuwa uchi, hawana hata unyoya wa sufu.

Jioni ya tatu hakuna aliyegonga. Mkono mweusi, unaochuruzika maji, ulipenya dirishani ukashika blanketi la Rori, na Rori mwenyewe ndani yake.

"Mama!"

"Ngoja! Lako liko juu ya paa!"

Ishbeli alipanda, akazing'oa nyasi kwa kucha, akakimbia nazo mpaka kinamasini, akazilaza polepole kama mtu anayemfunika mtoto. Kinamasi kikashusha pumzi.

Aliporudi, Rori alikuwa kitandani, amelowa, analia.

Paa lile linavuja hadi leo. Ishbeli ameweka ndoo, wala halalamiki.

Haya, ngano yangu imelala. Nanyi kalaleni, mjifunike vizuri.