Kesi ya Kisima cha Makame

Tulieni niwape kisa, wala msinitegemee mimi kukimaliza.

Palikuwa na majirani watatu. Faki alikuwa na macho: mbuzi akipita bonde la pili, yeye keshamjua ni wa nani. Bi Kazija alikuwa na masikio. Ukinong'ona chumbani kwako, kasikia jikoni kwake. Mbarouk, muuza vitambaa, akikutazama tu anajua nguo yako itakula kitambaa kiasi gani.

Jirani yao Mize alikuwa na mtoto mmoja, Raya, na mume asiye baba wa Raya, jina lake Makame. Ijumaa moja Raya alikutwa kisimani, amekufa. Makame alilia kuwashinda wote. "Kateleza," alisema.

Mize hakuamini. Wakaenda kwa hakimu.

"Hakuna aliyemwona akimsukuma," hakimu alisema. "Nani ataonyesha kwamba alikusudia?"

"Alhamisi magharibi nilimwona anabandua mbao za kisima," Faki alisema.

"Zilioza," alijibu Makame.

"Mie Alhamisi hiyo nilimsikia anamwambia mtoto, kesho kateke maji peke yako, mama usimwambie," Bi Kazija alisema.

"Nilitaka amfurahishe mamake."

Mbarouk alikohoa. "Alhamisi hiyohiyo kanunua sanda kwangu, ya kimo cha mtoto. Na mtaani hakuna aliyekuwa amefiwa."

 Makame alikuwa mtu wa kutayarisha mambo yake mapema. Hakimu akaziunganisha habari tatu, ambazo hakuna hata moja iliyotosha peke yake, akamhukumu kifo.

Mtaa ukawasifu mashahidi. Mize alibaki na neno moja kifuani: Alhamisi. Alhamisi Raya alikuwa uani anaruka kamba.

"Mbona hamkuniambia?" aliwauliza.

"Mbao tu zile, Mize," Faki alisema.

"Ya nyumba ya watu hayo, mwanangu," akasema Bi Kazija.

"Anayenunua sanda haulizwi, dada," alisema Mbarouk. "Nilimpa pole, akashukuru."

Arobaini ikafika. Watatu hao wakaketishwa mbele, siniya moja. Kwa mila ya mtaa ule, mfiwa mwenyewe huwanawisha wageni wa heshima. Mize akaja na birika, na chuki yake. Angenyamaza mmoja wao mahakamani, Makame angekuwa hapo anakula. Angesema mmoja wao Alhamisi, kusingekuwa na arobaini. Mikono imenyooshwa mbele yake, watu wanangoja aanze na nani.

Haya, birika nakukabidhi wewe. Utamnawisha nani kwanza? Au utarudi nalo jikoni?